Kijito kinapita shambani kwangu: nipandikize samaki humo humo?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Busokelo, wilayani Rungwe. Shamba langu la ekari nne linapitiwa na kijito kisichokauka mwaka mzima. Urefu wake ndani ya shamba ni kama mita 200, upana mita moja na nusu hivi, kisha kinashuka kuelekea mto Lufilyo. Nimefikiria kukiziba kwa mawe na nyavu juu na chini, nipandikize vifaranga 2,000 vya sato, niwalishe pumba na kuvuna baada ya miezi sita. Shamba ni langu na hati ninayo. Je, bado nahitaji kibali? Samaki gani wanafaa? Na vijana wanaokuja kuvua humo kwa ndoano niwafanyeje?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nashukuru umeuliza kabla ya kununua vifaranga, maana jibu langu linaanza na katazo. Usikizibe kijito, wala usipandikize samaki ndani yake. Samaki utafuga, tena kwa maji hayo hayo, lakini katika bwawa la pembeni. Kijito kiache kiendelee kutiririka, kwa sababu kina samaki wake tayari, na hao nao nitakueleza jinsi ya kuwatunza.

Nianze na nyavu. Mvua za huko unazijua kuliko mimi. Zinaanza Novemba, na kati ya Machi na Mei kijito cha mita moja na nusu kinaweza kupanuka mara tatu kwa usiku mmoja. Maji hayo hubeba majani ya migomba, matawi na udongo. Wavu uliotegwa kukatiza mkondo huziba kwa takataka ndani ya saa chache, maji yanajaa nyuma yake, kisha ama wavu unang'oka, ama maji yanatafuta njia ya kuzunguka na kula ukingo wa shamba lako. Samaki wako wanaondoka na maji. Ukitumia wavu wa matundu makubwa ili takataka zipite, vifaranga nao watapita. Kwenye mito ya milimani sijui wavu unaokwepa shida zote mbili.

Jambo la pili ni chakula, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Sato na perege hawanenepi kwa pumba peke yake. Sehemu kubwa ya ukuaji wao hutoka kwenye maji yenyewe, yale ya rangi ya kijani yenye viumbe vidogo mno vinavyoota kwa jua na mbolea. Maji ya kijani yanahitaji kutulia siku kadhaa ili yapike hicho chakula. Maji ya kijito hayatulii: yaliyoingia shambani kwako asubuhi yameshatoka kabla hujamaliza kunywa chai. Pumba utakayomwaga nayo itateremka kwa jirani wa chini. Halafu kuna baridi. Sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Chini ya 20 anakula kwa kusuasua, na kwenye 16 hivi anaacha kabisa. Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 2,960, na vijito vinavyotoka huko juu, vikipita chini ya vivuli, hubaki baridi hata mchana. Maji hayo yakitulia bwawani juani hupata joto, lakini yakiwa yanatembea hayapati.

Hata kama hayo yote yangewezekana, bado ningekukataza, na sababu iko mbali kidogo na shamba lako. Kijito chako kinaingia Lufilyo, na Lufilyo inaingia Ziwa Nyasa. Samaki utakayemwachia kwenye kijito, umemwachia ziwani. Ziwa hilo lina aina za samaki zinazohesabiwa kwa mamia, nyingi mno hazipatikani mahali pengine popote duniani. Huko Rungwe kwenu kuna hata Ziwa Masoko, lile dogo la kreta, ambamo wanasayansi wamekuta samaki wa ukoo mmoja wakiwa njiani kugawanyika kuwa aina mbili, mmoja wa pembeni mwa ziwa na mwingine wa kina kirefu, jambo lililoanza ndani ya miaka 1,000 hivi iliyopita. Utajiri wa namna hiyo uko karibu na mlango wako, Mwalimu.

Sato ni samaki mzuri kwa mezani, lakini kwenye bonde la Ziwa Nyasa ni mgeni. Kwenye Ziwa Victoria alipandikizwa miaka ya 1950. Leo ngege na mbiru, perege wa asili wa ziwa lile waliolisha vizazi na vizazi, wako hatarini kutoweka. Sangara na uvuvi wa kupita kiasi vilichangia, lakini sato naye aliwanyang'anya mahali pa kuzalia na chakula, na akazaliana nao. Hilo la kuzaliana ndilo baya zaidi. Perege wa aina tofauti hukubaliana kirahisi, na watoto wanaozaliwa ni chotara, mpaka siku moja huwezi tena kumpata wa asili aliye safi. Machotara wa sato na perege wa asili wameshaonekana katika mabonde mengine ya Tanzania pia. Na mwaka 2013 watafiti walichapisha taarifa kwamba sato ameshaonekana katika maji yanayoingia Ziwa Nyasa, upande wetu wa Tanzania. Kwa hiyo hatari hii imeshaanza, na kila shamba linalomwachia sato kijitoni linaiongezea.

Sasa hati yako. Hati inakupa haki ya kutumia ardhi, lakini maji yanayopita juu yake si yako. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yote ni mali ya umma. Unaruhusiwa kuchota ya matumizi ya nyumbani bila kibali. Ukitaka kuyachepusha, kuyazuia au kuyahifadhi kwa ajili ya ufugaji wa samaki, unaomba kibali cha kutumia maji kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye ofisi zake Tukuyu, kwa hiyo hutasafiri mbali. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Najua kwenye ekari nne mita 60 ni sehemu kubwa ya shamba, na majirani zako wengi wanalima mpaka majini. Hata hivyo chora ramani ya shamba, pima, na ulitafutie bwawa mahali nje ya mstari huo. Afisa uvuvi wa halmashauri yenu aje aone kabla hujachimba. Pia kama kuna jumuiya ya watumia maji kwenye kijito hicho, nenda kikaoni ukaeleze mpango wako. Wanaokutegemea chini yako watakuwa watulivu zaidi wakisikia kwako kwanza kuliko wakiona mfereji umechepuka.

Ukiwaambia kiasi cha maji unachohitaji, watashangaa kwa udogo wake. Tuseme unachimba bwawa la mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300, lenye kina cha wastani cha mita moja. Linabeba mita za ujazo 300. Bomba linalotoa lita moja kwa sekunde hutoa mita za ujazo 86 kwa siku, hivyo bwawa linajaa kwa siku tatu na nusu. Baada ya hapo unaongeza tu kile kinachopotea kwa jua na kupenya ardhini. Kikipotea kimo cha sentimita moja kwa siku, ni lita 3,000, ambazo bomba hilo hilo litazirudisha chini ya saa moja. Kupima maji ya bomba ni rahisi: kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde hadi ijae.

Wafugaji wengi wa milimani huacha maji yaingie na kutoka mchana na usiku wakidhani samaki wanafurahia maji mapya. Maji yanayopita hivyo yanaondoka na chakula cha kijani, yanaleta baridi, na mwisho wa mwaka samaki ni wale wale wa kiganja. Bwawa likishajaa, funga. Fungua kwa kuongezea tu, au ukiona samaki wamekuja juu alfajiri wakihema kwa midomo, dalili kwamba hewa ndani ya maji imepungua.

Kabla ya kuchimba bwawa zima, chimba shimo la majaribio lenye kina cha kiunoni. Hili nakusisitizia kwa sababu ya udongo wenu. Rungwe ni nchi ya volkano, na chini ya udongo mweusi mzuri mara nyingi kuna tabaka la vijiwe vyepesi vyenye matundu, ambavyo hunywa maji bila kushiba. Jaza shimo maji asubuhi, lijaze tena jioni, kisha liangalie kesho yake alfajiri. Yakibaki mengi, udongo unafaa. Yakipotea, tafuta sehemu nyingine, au uwe tayari kuweka udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa chini na kwenye kingo, la sivyo turubai nene la plastiki ambalo bei yake utaihisi.

Maji yaje kwa bomba au mfereji kutoka juu ya kijito, yaingie bwawani kwa kudondoka, na mdomo wa bomba ufungwe chujio la matundu madogo ili samaki wa kijitoni wasiingie na wa kwako wasipande. Bwawa liwe juu ya pale maji ya mafuriko yanapofika; uliza wazee alama ya mafuriko makubwa wanayoyakumbuka. Bomba la kutolea maji nalo liwe na chujio, na maji yake yaelekee kwenye migomba au mboga, yasirudi kijitoni. Kwa kufanya hivyo vifaranga vinavyoponyoka vinaishia shambani, na maji hayo yenye samadi yanakuwa mbolea. Siku ya kuvuna, vidimbwi vinavyobaki chini ya bwawa vimwagie chokaa ili asibaki hata mmoja.

Kuhusu aina ya samaki, ningekuwa mimi ningeanza na kambale au perege wa bonde lenu lenyewe. Kambale ni wa asili Ziwa Nyasa na mito yake. Anavumilia maji machafu na hewa kidogo, lakini anataka chakula chenye protini nyingi kuliko pumba, na vifaranga vyake hulana wenyewe kwa wenyewe vikitofautiana ukubwa, kwa hiyo lazima uvichambue kila baada ya wiki chache. Kwa mtu anayeanza, perege ni mwepesi zaidi. Wenzetu wa Malawi, wanaoshiriki nasi ziwa hilo hilo, wamezuia samaki wa kigeni kwenye bonde lao na wanafuga perege wa kwao. Mmoja kitaalamu huitwa Oreochromis shiranus, mwingine Coptodon rendalli, ambaye kwa kweli ni mla majani: mtupie majani ya mboga, ya mihogo yaliyonyauka au nyasi laini, na gharama ya chakula inapungua sana. Wote wawili ni wa asili wa bonde lenu. Wanakua polepole kuliko sato, hilo sitakuficha. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) kipo Kyela; nenda ukaulize wapi utapata mbegu yake iliyothibitishwa. Muuzaji yeyote akikuambia "ni perege tu", muulize ni perege gani na wazazi wake wametoka wapi. Asipojua, usinunue.

Vifaranga 2,000 ni vingi mno kwa bwawa hilo. Weka viwili kwa mita ya mraba, yaani 600. Wakipona 500 na kila mmoja akafika gramu 150, una kilo 75. Ukiweka 2,000 kwa chakula kile kile utavuna dagaa wenye mifupa ya perege. Miezi sita ni hesabu ya joto la Kyela, ambako ziwa liko chini ya mita 500. Busokelo inapanda kutoka joto hadi baridi ndani ya mwendo mfupi, kwa hiyo nunua kipimajoto, upime maji ya bwawa alfajiri na saa tisa alasiri kwa wiki mbili. Ikiwa mchana hayafiki nyuzi 22, jipangie miezi tisa hadi kumi na mbili, na usikate tamaa ukiona vya wenzako wa bondeni vimetangulia.

Wiki mbili kabla ya kupandikiza, weka chokaa, kisha samadi ya kuku kavu, kilo 5 kwa wiki kwa kila mita 100 za mraba. Maji yatageuka kijani. Ingiza mkono hadi kiwiko: kiganja kikipotea machoni kiwiko kinapogusa maji, samadi inatosha. Kikipotea mkono ukiwa umeingia kifundo tu, simamisha samadi mara moja. Vifaranga vikifika, mfuko wake uelee bwawani kwa robo saa au zaidi, uchanganye maji kidogo kidogo, ndipo uwaachie. Chakula kiwe asilimia 3 ya uzito wao: samaki 500 wa gramu 50 ni kilo 25, kwa hiyo gramu 750 kwa siku, pumba na mashudu ya alizeti na dagaa kidogo waliosagwa. Walishe mahali pamoja, saa zile zile. Wakiacha kuja kwa kasi, jua wameshiba au wanaumwa, na siku hiyo acha kumwaga.

Sasa kijito chenyewe. Kabla ya kuongeza chochote, kijue kilicho nacho. Kaa pembeni ya kidimbwi asubuhi maji yakiwa meupe, utaona samaki wadogo wa rangi ya fedha wakielekea juu ya mkondo. Inua mawe uangalie chini yake. Ukikuta vijidudu vya majini vyenye mikia miwili au mitatu vimejishika kwenye jiwe, maji yako ni safi na samaki wana chakula. Ukikuta matope na minyoo myekundu tu, tatizo liko juu yako au shambani kwako mwenyewe.

Kinachoua vijito vya Rungwe ni udongo na sumu za mashamba kuliko ndoano za vijana. Viazi vinavyolimwa mteremkoni hadi majini, parachichi zinazopigwa dawa, mabomba ya dawa yanayooshwa kijitoni. Udongo unafukia changarawe, na samaki wengi wanazalia kwenye changarawe. Mbasa, yule anayependwa sana Kyela, hupanda kutoka ziwani kwenye mito kama Kiwira na Ruhuhu kuzaa wakati wa mvua, na amepungua vibaya kwa kuvuliwa akiwa njiani na kwa mito kujaa mchanga na matope. Huenda yeye hafiki kwenye kijito chembamba kama chako, lakini udongo wa shamba lako unamfikia alipo.

Kwa hiyo acha ukanda wa majani na miti pande zote mbili. Mikaratusi ikiwa imesogea majini, ing'oe taratibu na ubadilishe na mikuyu, mizambarau mwitu na matete, ambayo mizizi yake hushika ukingo na vivuli vyake hutunza ubaridi wanaoutaka samaki wa kijitoni. Gogo likianguka majini liache, isipokuwa limeziba kabisa. Nyuma yake hutokea kidimbwi, na humo ndimo samaki hujificha wakati wa kiangazi. Usichimbe mawe wala mchanga. Ng'ombe wape sehemu moja ya kunywea yenye mawe, ili wasikanyage ukingo wote. Ukiona fisi maji, mwache. Anakula kaa wengi, na bwawa lako utamkinga kwa uzio wa matundu madogo uliofukiwa chini kidogo.

Mwisho wa swali lako ni vijana. Samaki wa kijito hawakuwa wako, kwa hiyo usianze na ugomvi. Ndoano chache haziharibu kijito. Kinachokimaliza ni chandarua kinachozolea kila kitu na vifaranga vyake, na utupa. Utupa unaua kuanzia samaki hadi wadudu chini ya mawe, na kuvua kwa sumu ni kosa kisheria. Waite vijana hao, wewe ni mwalimu na baadhi yao bila shaka umewafundisha wao au wazazi wao. Kubalianeni: ndoano tu, wadogo kuliko kidole wanarudishwa, na kuanzia mvua zinapoanza hadi Machi hakuna anayevua, maana ndipo samaki wanapopanda wakiwa na mayai. Kisha peleka makubaliano hayo kwenye serikali ya kijiji yaandikwe kuwa sheria ndogo, ili yawabane na wa juu na wa chini yako. Na ukianza kuchimba bwawa, waajiri hao hao. Aliyechimba bwawa kwa jembe lake ndiye atakayekuambia usiku nani kapita na wavu.